Kwapa la Kadi Mbili

Akongo alikuwa na kadi mbili na mkono mmoja wa maana.

Kadi ya kwanza ilikuwa ya Uganda. Hiyo ilisema yeye ni Akongo Anjeline, mzaliwa wa Buteba, miaka hamsini na minne. Kadi ya pili ilikuwa ya Kenya, ikasema ni Anjeline Ojangole, mke wa mtu, miaka sitini na mmoja. Ile miaka saba iliyopotelea katikati hakuna aliyewahi kuiulizia, naye hakuona sababu ya kuwakumbusha watu. Akiwa Uganda alikuwa kijana kidogo. Akivuka kwenda kwa wakwe zake, heshima inaongezeka. Busia, mji uliokaa juu ya mpaka, hayo hayamshangazi mtu. Utamkuta mama amelala nchi hii, shamba lake liko nchi ile, na Jumapili anasali kule ambako kwaya inajua kuimba.

Mkono wa maana ulikuwa wa kulia. Huo ndio uliokuwa ukikaanga unga wa ajon, pombe ya wimbi ambayo Wateso hunywa wamezunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake mrefu. Unga ukishachacha hutandazwa juu ya bati pana lenye moto chini, na mtu husimama na mwiko mrefu kama mpini wa jembe, anageuza, anageuza, tangu asubuhi mpaka jua la saa sita. Ukisimama kujikuna tu, unga umeungua. Na ajon ya unga ulioungua wanapewa wageni wasioijua. Akongo alikuwa amegeuza unga kwa miaka thelathini, na madereva wa malori waliokwama Busia wakingoja karatasi zao waliulizia kwake kabla ya kuulizia choo. Mkono wa kushoto aliutumia kufukuzia kuku.

Sasa uvimbe ulipotokea, ulitokea wapi? Titi la kulia. Hata uvimbe una dharau.

Wakamchoma sindano ya kupimia katika hospitali moja mjini Tororo, na jibu likarudi: ni kansa, lakini bado ndogo, bado inakatika. Akongo alilipokea jibu lile kwa utulivu uliomshangaza hata yeye. Alilia siku moja, ya pili akapika. Titi lenyewe, aliwaambia majirani, lilikuwa limenyonyesha watoto sita na halikuwa na kazi nyingine iliyopangwa mbele. Wakitaka kulimega, wamege.

Kilichomtia hofu alikikuta Jumatatu, siku ya kulazwa, kwenye kitanda cha jirani.

Kitanda hicho kilikuwa cha Mama Fidel, mwanamke mnene wa Sop Sop mwenye uso wa kucheka. Miaka miwili nyuma alikuwa amekatwa titi mahali pengine, na pamoja na titi wakaondoa matezi yote ya kwapani. Titi lilipona. Mkono ndio uliogoma. Ulivimba taratibu, mwezi kwa mwezi, mpaka ukawa kama mto wa kulalia, umelala ubavuni mwake kama mtoto wa kumlea. Sasa alikuwa amelazwa hapa kufundishwa kuufunga bandeji.

Akongo aliuangalia mkono ule kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Mama Fidel," alisema mwishowe, "hii mkono yako, inaweza geuza unga?"

"Unga?" Mama Fidel akacheka. "Hii inaweza fukuza nzi, kama nzi mwenyewe hana haraka."

"Na jembe?"

"Jembe nilimpa dada yangu. Akaniletea mahindi mara moja, akasahau."

Akongo akacheka naye, kwa sababu ilichekesha. Halafu akajifunika shuka mpaka kidevuni, akauchukua mkono wake wa kulia akaulaza juu ya tumbo, akaushika kwa ule wa kushoto, kama mtu anayemshika mbuzi wake sokoni.

Jioni hiyo hiyo, jua halijazama, akaja Daktari Obore. Alikuwa mpasuaji kutoka Kampala aliyefika Tororo mara moja kwa mwezi, kijana mrefu sana, mrefu kiasi cha kuinama kila mlangoni, hata milango isiyohitaji. Mama yake alikuwa mtu wa Sop Sop, kwa hiyo wodi nzima ilimwita mtoto wetu, na kila mgonjwa alimpangia mchumba. Nyuma yake alikuwa Sista Valarie, nesi mfupi mwenye faili na macho ya kuona mbali.

Daktari alivuta kiti, akachora kwenye karatasi. Alichora titi, ambalo kwa mchoro wake lilikuwa kama sufuria iliyoinamishwa, kisha akatoa mistari myembamba kutoka humo kwenda kwapani, na kule kwapani akachora vijiduara kama njugu mawe.

"Mama, mwilini kuna maji mengine tofauti na damu," alisema. "Tunaita limfu. Yanatoka kwenye titi kupitia vijia hivi, yanakwenda kwapani, na huko yanachujwa na haya matezi. Kansa ikitaka kusafiri, mara nyingi inapita humo humo."

Akongo akainamia mchoro. "Hiyo ni chungu."

"Chungu gani?"

"Ya ajon. Hii titi ni chungu, hizi ni mirija, na hii tezi ni ile kichujio ya kusuka tunafunga kwa mwisho wa mrija, makapi isiingie kwa mdomo ya mtu."

Daktari Obore akaitazama karatasi yake kama vile ameletewa mpya. "Mama, miaka sita nimefundisha wanafunzi jambo hili. Hakuna aliyelishika haraka hivyo."

"Hawanywi," Akongo akasema. "Ndio shida yao."

Daktari akaeleza basi kazi yenyewe. Zamani, alisema, walikuwa wakitoa matezi yote ya kwapani bila kuuliza, na mikono mingine ikavimba. Hapo hakuna aliyemtazama Mama Fidel, na kila mtu akamwona. Siku hizi wanadunga rangi kwenye titi na kungoja waone inakimbilia wapi. Tezi ya kwanza kuipokea rangi ndiyo tezi ya mlangoni: kansa ikitoka, itaanza kupita hapo. Wanaitoa hiyo, na jirani yake moja au mbili zilizoshika rangi. Mtaalamu anaikata, anaigonga kwenye kioo kama mtu anayegonga muhuri, na anaisoma kwa darubini papo hapo. Ikiwa safi, nyingine zote zinaachwa zikae nyumbani kwao.

"Na mkono?"

"Mkono unabaki na mifereji yake. Hatari ya kuvimba inapungua sana."

"Na rangi ikikosa kuonekana?"

Daktari akakunja karatasi. "Isipoonekana, mama, hatujui mlango ni upi. Hapo inabidi tutoe zote. Sitakudanganya."

Akatoka akiinama. Sista Valarie akabaki na faili lake, akaanza maswali. Presha? Hapana. Sukari? Ya kwenye chai tu. Dawa gani inakudhuru? Ya kienyeji ya wifi yangu.

"Umewahi kupasuliwa titi hili au kwapa hili?"

Na hapa ndipo Akongo alipofanya jambo ambalo, ukilisikia ukiwa Mbale au Nakuru, utasema huyu mama hana akili. Lakini mtu wa Busia ataelewa.

Ni kwamba alikuwa amepasuliwa. Miaka tisa nyuma, jipu kubwa lilimchimba kwapani, kwapa hilo hilo la kulia, na mumewe Ojangole, ambaye sasa ni marehemu, akampeleka hospitali ya upande wa Kenya kwa kadi ya Kenya, kwa kuwa bima yake ilikuwa huko. Walipasua, wakasafisha, wakatoa na matezi mawili yaliyokuwa yameoza. Lakini aliyepasuliwa siku ile alikuwa Anjeline Ojangole. Huyu anayeulizwa leo ni Akongo wa Buteba, na Akongo wa Buteba hakuwahi kuguswa hata na wembe. Kila nchi na mambo yake. Mtu akibeba ya Kenya akayaleta kwenye faili la Uganda, si ataulizwa alivukaje?

"Mimi Akongo?" alisema. "Hapana."

Sista Valarie akainua mkono wa mgonjwa, akachungulia. "Na hii alama?"

"Chale. Bibi yangu alinichanja nikiwa mdogo. Alikuwa na wembe na muda mwingi."

Valarie akaandika. Akongo akalala usingizi mzuri wa mtu mwenye karatasi safi.

Jumanne asubuhi akaja Harriet, dada wa marehemu Ojangole. Alikuwa akiuza mitumba Busia ya Kenya na alitembea kama mtu anayekimbizwa na kanjo, askari wa baraza la mji, hata pakiwa hakuna kanjo. Alileta uji wa wimbi, mboga ya eboo kwenye kibakuli, na habari za nchi mbili. Akongo akampa zake: rangi, mrija, tezi ya mlangoni, kupasuliwa kesho. Na maswali ya nesi, na jinsi alivyoyajibu.

Harriet akaweka kijiko chini.

"Wifi. Si ulipasuliwa kwapa? Si mimi ndiye nililala chini ya kitanda chako siku tatu, nikiumwa na mbu?"

"Hiyo ilikuwa Kenya."

"Kwapa lilikuwa Kenya?"

"Kwapa ya Anjeline."

"Anjeline ni nani kama si wewe?" Harriet alitaka kupiga kelele, akakumbuka pale ni wodini, akapiga kelele kwa sauti ndogo. "Ati hapa ni Akongo, kule ni Anjeline! Wifi, kwapa lako halijui mpaka. Halijawahi kusimama kwenye foleni. Ulivuka nalo!"

"Teremsha sauti. Wakijua kadi mbili wananifunga."

"Nani anakufunga ukiwa na kansa?"

"Wanangoja nipone."

Mama Fidel, ambaye alikuwa amefumba macho kwa bidii tangu mwanzo, akafumbua moja. "Mama," alisema taratibu, "mimi sisikii kitu. Lakini kama ningesikia, ningeuliza daktari. Mimi sikuuliza kitu. Nilisema ndiyo, ndiyo, ndiyo."

Kisha akausogeza mkono wake mzito kutoka ukingo wa kitanda, kwa ule mwingine, kama anayehamisha gunia.

Akongo alikula eboo yote na hakuisikia ladha.

Daktari alipopita saa tano, akamkuta ameketi wima, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, uso wa mtu mwenye shida ya mtu mwingine.

"Daktari, mtoto wetu," alianza, "mimi niko sawa kabisa. Lakini kuna mama mmoja. Rafiki yangu. Wa Kenya."

"Ehe?"

"Naye ana kansa kama yangu. Titi hiyo hiyo ya kulia. Bahati mbaya tu. Sasa yeye, zamani, alipasuliwa jipu kwapani, wakatoa tezi mbili. Nauliza tu: huyo mkimpaka rangi, itafika?"

Daktari Obore akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Harriet akaanza kukunja shuka lililokuwa limeshakunjwa.

"Huyo ni mgonjwa mgumu kidogo," alisema. "Njia za kwapa lake zilikatwa zamani, na kovu limeziba. Maji yatakuwa yamejitafutia njia mpya, na hatuijui. Nikimdunga rangi ya bluu peke yake nikamfungua mahali pa kawaida, naweza kukuta pakavu."

"Na ukikuta pakavu?"

"Natoa zote. Nilikwambia jana."

Akongo akatazama nje. Dirishani, Mwamba wa Tororo ulikuwa umekaa pale pale ulipo siku zote, haumsaidii mtu.

"Na hakuna dawa ya huyo mama?"

"Ipo, nikijua mapema. Safari hii nimekuja na kamera. Kuna rangi nyingine, ya kijani. Ukidunga, macho hayaioni, lakini kamera inaiona chini ya ngozi, inavyotembea. Naichora njia yake yote kwa kalamu kabla sijashika kisu. Wale wenye makovu ndio nawawekea. Kwa hiyo mwambie huyo mama aje. Anaitwa nani?"

"Anjeline."

"Anakaa wapi?"

"Karibu."

"Karibu wapi?"

"Karibu sana."

"Anaweza kufika lini?"

Harriet akaachia shuka. "Daktari, huyo mama ni mzee, mkaidi, ana miaka sitini na mmoja."

"Hamsini na minne!" Akongo akafoka, kabla hajajizuia.

Sista Valarie, aliyekuwa akipima joto kitanda cha tatu, akageuka polepole. Akongo aliutazama mkono wake wa kulia. Ulikuwa mkono wa kawaida, wenye makovu ya cheche za moto na kidole cha kati kilichopinda kwa kushika mwiko. Akauinua juu, kwapa likawa wazi mbele ya wodi nzima, akaelekeza kwa kidole cha kushoto pale alipodai bibi yake alimchanja.

"Ndiye huyu," alisema. "Amefika."

Daktari akainama, akalitazama lile kovu kwa karibu, akalibonyeza, akalibonyeza tena. Uso wake ulikuwa umeacha mzaha. "Mama, kesho asubuhi ningekufungua hapa. Hapa hapa. Nisingepata kitu." Akaketi tena. "Kwa nini hukusema?"

"Kadi," Akongo akanong'ona. "Ziko mbili. Mimi mtu wa Buteba, bwana yangu mtu wa ng'ambo. Kila mtu alitaka nihesabiwe kwake. Sasa utanipeleka polisi?"

"Mimi ni daktari wa matiti. Kadi ina titi?"

"Haina."

"Basi hainihusu. Lakini nataka karatasi ya ile operesheni. Nataka kujua walikata wapi na walitoa nini. Na kesho hupasuliwi. Unakwenda Alhamisi, pamoja na wagonjwa wa kamera."

Sasa, kupata karatasi ile ng'ambo kulihitaji kadi ya Anjeline, na Sista Valarie akauliza kadi iko wapi, iko nyumbani? Akongo akamtazama kwa huruma. Akaufungua upindo wa gomesi lake, lile vazi refu la akina mama wa Uganda, kwa meno, nyuzi tatu, na kadi ya Kenya ikaangukia shukani ikiwa na joto la mwili.

"Mtu haachi ingine nyumbani," alieleza. "Unajuaje utaamkia wapi?"

Harriet akaichukua, akavuka siku hiyo hiyo. Alilopitia kule aliliimba wiki nzima baadaye: karani aliyesema faili za miaka tisa zimekwenda stoo, mlinzi wa stoo aliyekuwa ametoka kula, mlinzi aliyerudi bila ufunguo. Akaketi mlangoni pao na furushi lake la mitumba, akaanza kuuza sweta palepale kwenye ngazi, kwa sauti, mpaka faili likapatikana ili aondoke. Jumatano saa nne alikuwa Tororo tena na karatasi mbili zenye muhuri. Daktari akazisoma amesimama, akasema "aha" mara mbili, akazitia kwenye faili la Akongo. Valarie akachukua kalamu, akafuta neno chale, akaandika majina yote mawili juu ya jalada.

"Na miaka?" aliuliza.

Akongo akajikohoza. "Andika katikati."

"Mama."

"Haya. Sitini na moja. Lakini andika ndogo ndogo."

Alhamisi wakampeleka chumba cha upasuaji. Kulikuwa na baridi ya aina ambayo Busia haipo, na taa iliyomtazama kama hakimu. Daktari Obore alikuwa amefunikwa mdomo, lakini kwa urefu ule angejificha wapi. Wakamtia ganzi kidogo kwenye titi, kisha sindano ya kijani, kisha ya bluu, na Valarie akaanza kulikanda, dakika tano kamili kwa saa ya ukutani.

"Unakanda kama mtu anaogopa unga," Akongo akamwambia. "Tia nguvu."

"Nyamaza, mama."

Taa ikazimwa. Daktari alikuwa amesema angependa aone njia akiwa macho, kabla hawajamlaza, naye akageuziwa kioo kama televisheni ndogo. Kulikuwa na giza tu mle. Halafu, kutoka ukingo wa titi, kikatoka kijimstari cheupe kinachong'aa, chembamba kama uzi, kikatambaa. Akongo akainua kichwa. Alikuwa ameishi na mwili ule miaka yote, kwa hesabu ya kadi yoyote, na hakuwahi kujua una mto ndani.

Mstari ukapanda kuelekea kwapani. Ukafika kwenye kovu. Ukasimama.

Wote wakangoja. Daktari akasogeza kamera juu, karibu na bega. Giza. Akaipeleka nyuma kidogo. Giza. Valarie akakanda tena. Saa ya ukutani ilisikika ikitafuna.

"Imekwama," alisema mtu nyuma, aliyekuwa mtu wa dawa ya usingizi.

Akongo alihisi mkono wake wa kulia, uliofungwa kwenye ubao, ukitoka jasho kiganjani. Akakumbuka geti la Busia siku zile za maradhi walipolifunga, wakaweka vyuma na askari, wakasema hapiti mtu. Alikuwepo. Aliona mwenyewe.

"Daktari," alisema. "Watu wakifungiwa geti, nani anarudi nyumbani na mzigo yake? Hakuna. Hawapandi juu kwa askari. Wanashuka bondeni, wanazunguka. Peleka hiyo kamera chini. Kwa mbavu."

"Nilikuwa nakuja huko, mama."

"Ungefika lini?"

Kamera ikashuka. Na pale, chini ya kovu, vidole viwili kutoka mahali ambapo pangetegemewa, uzi ule mweupe ukaonekana tena, umepinda, umeizunguka alama yote kwa chini, polepole, kwa adabu, kama mama mwenye furushi kichwani anayekwepa macho. Ukaenda ubavuni, ukazama ndani, na pale ulipozama pakabaki nuru ndogo ya duara.

"Njia ya panya," Akongo akasema.

Hakuna aliyecheka kwa sauti, lakini mabega ya Valarie yalicheza. Daktari Obore akachukua kalamu, akaufuata mstari juu ya ngozi tangu mwanzo hadi mwisho, na mwishoni akatia msalaba. Kalamu ilikuwa ya baridi na ilimtekenya. "Hapo ndipo nitafungua," alisema. "Si kwingine."

Mtu wa usingizi akamwambia ahesabu kutoka kumi kurudi nyuma. Akongo akaanza kwa Kiteso, akafika saba.

Alipoamka, kitu cha kwanza alichotafuta hakikuwa titi, hakikuwa Harriet, ingawa Harriet alikuwa hapo akisali na kusinzia kwa zamu. Aliutafuta mkono. Ulikuwepo. Akakunja kidole kimoja, cha pili, kile kilichopinda, vyote. Akauogopa ubavu, akaupapasa: bandeji ndogo, si kubwa kuliko chapati.

"Wamechukua ngapi?" aliuliza kwa ulimi mzito.

"Mbili," Sista Valarie akasema. "Zote mbili zilikuwa za bluu na za kijani, zimekaa palepale penye msalaba. Wamezigonga kwenye kioo, wamezisoma. Safi. Zingine hazikuguswa."

"Safi kabisa?"

"Kwa kioo cha leo, safi. Karatasi ya maabara kubwa inatoka baada ya wiki mbili, na titi lenyewe, ambalo wamelimega uvimbe tu, utalifanyia mionzi. Usianze kucheza ngoma bado."

Lakini Harriet alikuwa ameshaanza, kati ya vitanda, kwa miguu tu ili asipige kelele. Mama Fidel akapiga makofi kwa kupigapiga mkono mzima juu ya paja. Akongo akauangalia ule mwingine, uliobaki umelala.

"Mama Fidel," alisema, "bandeji wanakufundisha kufunga mara ngapi kwa siku?"

"Asubuhi na jioni. Mkono mmoja hauwezi, inalegea."

"Mimi natoka Jumamosi. Hizo siku mbili nakufungia mimi na wifi. Mimi navuta, yeye anafunga. Yeye amezoea kufunga marobota ya mitumba, hakuna kitu inalegea."

Ijumaa asubuhi Sista Valarie akaja na mazoezi. Akamsimamisha Akongo mbele ya ukuta, akamwonyesha: vidole vitambae ukutani kama buibui, taratibu, mpaka usawa wa bega, visipite hapo wiki hii ya kwanza, halafu vishuke. Mara kumi. Akageuka kumpimia mtu presha.

Juu ya ukuta huo palikuwa na rafu, na juu ya rafu palikuwa na biskuti za manesi.

Vidole vikatambaa. Vikafika bega, vikapumzika, vikatazama huku na huku. Mshono ulimvuta kidogo, si sana, kama mtoto anayevuta gomesi kanisani. Vikaendelea.

Pakiti ikalia kraa.

"Mama Akongo! Mama Anjeline! Nilisema mpaka bega!"

Akongo hakugeuka. Mlangoni Daktari Obore alikuwa akiingia, ameinama kama kawaida yake.

"Hukusema bega ya nani, Sista," Akongo alisema. "Mimi nilipima na ya daktari."

Akaushusha mkono polepole, taratibu kabisa, kama alivyoagizwa, ukiwa na biskuti mbili, na moja akampa Mama Fidel.